Kamba ya Dereva

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na bado nilikuwa nachezea magari. Hivyo ndivyo walivyosema watu wa Migato, na sikuwa na la kuwabishia. Nilichoka tu kueleza kwamba sichezi, napima. Mtoto hukunja waya akasema hili ni gari, ikawa gari kwa sababu kasema yeye. Mimi sikuridhika mpaka kila sentimita ishirini za lori la kweli zimekuwa sentimita moja ya langu, kuanzia bampa la mbele hadi kifuniko cha tangi la mafuta. Nikikosea mlango kwa upana wa punje ya mchele nilikata kopo jingine na kuanza upya. Sijui nilirithi wapi ugonjwa huo. Marehemu baba alikuwa mtu wa ng'ombe na hakuwahi kupima kitu maishani mwake.

Niliishi na mama. Nilikuwa kitinda mimba, sijaoa, na hilo nalo lilisemwa. Mama alilima pamba na mtama, alisali rozari, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka arobaini ya kupikia kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Alinitania kila nilipokaa na mkasi na makopo yangu ya mafuta ya kula. Wenzako wanajenga nyumba, alikuwa akisema, wewe unajenga gari lisilobeba hata panya. Lakini kopo likiisha mafuta alilisugua kwa majivu na kuliweka juu ya meza yangu bila neno.

Zamani pamba yetu ilichukuliwa na malori ya ushirika, yote ya aina moja, yote mabovu. Nilikuwa nimeshalijenga lori la ushirika mara tatu na sikuwa na hamu nalo tena. Kisha serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi, na katika msimu mmoja tu barabara ikajaa malori ambayo hakuna aliyeyajua. Watu walizungumza bei, mizani ya nani inaiba na ya nani haiibi. Kwa wenzangu soko huria lilikuwa bei. Kwangu mimi lilikuwa ekseli. Nilikuwa na furaha ya kijinga msimu ule, na nasema hivyo kwa sababu sikuipata tena.

Nililolipenda zaidi lilikuwa lori la buluu, pua bapa, lililotoka Japani na maandishi ya kwao bado mlangoni. Niliyanakili yale maandishi alama kwa alama bila kujua kama ni jina la kampuni au onyo. Lilikuja kila wiki kupakia marobota kwenye gala, na dereva wake alikuwa mtu wa Shishiyu, mrefu, mcheshi, mwenye kuongea Kisukuma cha kwao kama anayekwaruza sufuria. Wakati pamba inapimwa mimi nilikuja na futi ya fundi cherehani shingoni na daftari mkononi, na yeye alinishikia ncha nyingine ya futi. Alikuwa mtu mzima wa kwanza kutonicheka. Aliniuliza limefika wapi, kama anayeulizia nyumba yake.

Wiki ya tatu nilishughulikia magurudumu. Tairi la mbele kushoto lilikuwa kipara. Upande wa ndani mpira ulikuwa umekwisha kabisa na nyuzi nyeupe zimetokeza. Niliinama nikazihesabu, nikaandika kwenye daftari: mbele kushoto, nyuzi nane. Nilirudi nyumbani nikakata gurudumu kwenye ndala kuukuu, nikalinyoa kwa wembe mpaka likawa laini, halafu nikabandika nyuzi nane za kushonea kwa sulusheni ya baiskeli. Nililionea fahari lile gurudumu kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Haikunijia hata mara moja kusema neno kwa mtu aliyekuwa akiendesha juu ya lile jingine.

Ndipo akaniomba nimweke na yeye. Alisema lori bila dereva ni banda la kuku. Nilikubali haraka, maana nami niliona kibanda cha mbele kimepooza. Nikamsimamisha kwenye mlango wa lori, lakini futi yangu iliishia sentimita mia moja na hamsini na yeye alikuwa amepita hapo. Nikaokota kipande cha kamba ya katani, ile ya kushonea midomo ya magunia. Nikaikanyaga chini ya kisigino chake, nikaipandisha: fundo la goti, fundo la kiuno, fundo la bega, na nikakata sawasawa na utosi. Yeye akawa anacheka kwamba inamtekenya. Kwenye foleni ya mizani watu walikuwa wameacha kuongea. Nilisikia ule ukimya, nikadhani wanavutiwa na kazi.

Mama alikuwa kwenye foleni ile na mzigo wake wa pamba. Alitangulia mbele yangu njia nzima. Tulipofika nyumbani aliuliza kamba iko wapi. Nikamwonyesha mfuko wa shati. Akakaa kwenye kigoda na kuniambia, polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba huko alikozaliwa yeye mtu hupimwa kwa kamba mara moja tu. Hupimwa amelala, ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi, na kamba huzikwa naye. Ukimpima aliye hai na ukaondoka na kamba, kamba inabaki inangoja.

Nikacheka. Nikamwambia nitaichoma basi, yaishe. Akanishika mkono kwa nguvu. Haichomwi, alisema, wala haitupwi. Mwenyewe ndiye anayefungua mafundo, kwa mikono yake. "Wiki ijayo akija mpe, hata kama ataona tu wapumbavu."

Niliahidi, kama mtu anavyomwahidi mama yake. Katikati ya wiki nikamchonga dereva kwa mti laini, urefu wa kidole cha kati. Kwa upumbavu nilimchonga amesimama, na nilipomwingiza ndani kichwa kikagonga paa na miguu ikakataa kupita chini ya usukani. Nikamkata magotini kwa msumeno mdogo ili nimkunje na kumgundisha upya. Mguu wa kulia ulishika. Wa kushoto uliniponyoka, ukaanguka sakafuni, kuku akaudonoa na kutoka nao nje. Nilimkimbiza yule kuku mpaka kwenye mtama nikicheka peke yangu. Nikamkalisha dereva wangu na mguu mmoja, nikasema mwingine nitauchonga Jumamosi.

Ijumaa habari zikafika gala. Lori la buluu lilipasuka tairi likitelemka kwenye daraja, likabingirika na marobota yake. Dereva alitolewa akiwa hajitambui. Yuko hospitali Bariadi. Mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti.

Nilisikia nikiwa nimeshika chaki. Niliwapa watoto zoezi la kujumlisha, nikatoka nyuma ya darasa na kutapika. Nilijua habari za nyuzi nane, na hizo peke yake zilitosha. Lakini kilichonitapisha haikuwa tairi. Ilikuwa ule mguu mdomoni mwa kuku. Mimi mwalimu, niliyewafundisha watoto kwamba mvua ni mvuke, nilisimama nikiangalia vidole vyangu kwa hofu.

Nyumbani lori langu halikuwa mezani. Nilitafuta, nikamuuliza mama. Akasema amelisogeza tu kwa sababu ya vumbi. Sikuuliza amelisogezea wapi.

Ninapaswa kueleza nilichoogopa, kwa sababu waliozaliwa mjini hudhani ni hadithi. Miaka ile kila mtu alikijua kijiji fulani, si mbali, ambako kikongwe mwenye macho mekundu alikutwa amekatwakatwa mlangoni kwake baada ya mtoto wa jirani kufa. Hakuna aliyeona, hakuna aliyeulizwa. Na maneno ya foleni ya mizani yalinifikia mimi wa mwisho: mwalimu ni mtoto wa shule, hajui mambo hayo, mwalimu katumwa. Yule mama mnamwona macho yake?

Jumatatu mchana filimbi zililia. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikuja wanane, na pinde na fimbo, wakiongozwa na mtemi wao, mzee mfupi ambaye wajukuu zake niliwafundisha. Alinisalimia vizuri na hiyo ndiyo iliyonitisha. Mtu anayekuja kugomba hasalimii. Walipekua chumba changu, wakatoa makopo, mkasi, malori matatu ya ushirika. Kisha wakaingia chumba cha mama, na mmoja akainama chini ya kitanda na kutoka na lori la buluu, limefungwa kwenye kanga yake ya kanisani.

Mtemi alilizungusha. Akachungulia dirishani, akamwona mtu mdogo. Akaona mguu uliokatwa gotini. Wote wakaona. Mmoja wao alirudi nyuma hatua mbili.

"Ni la nani?" mtemi aliuliza.

"Langu," nilisema.

"Langu," alisema mama wakati huohuo, kwa sauti iliyotulia kuliko yangu.

Walitutazama, kisha wakamtazama yeye tu. Nilianza kueleza habari za usukani na paa, nikasikia jinsi maneno yangu yanavyosikika, nikanyamaza. Mtemi alisema mkutano utakuwa keshokutwa alasiri. Mpaka siku hiyo asisalimiwe mtu wa nyumba hii, asipewe moto wala asichote maji na wenzake. Na mgonjwa akifa kabla ya hapo, alisema, yeye hawezi kuwazuia vijana. Waliondoka, lakini kukawa na tatizo la lori. Hakuna aliyetaka kulala nalo nyumba moja, wala kulibeba. Ikabidi nilibebe mimi mwenyewe mpaka gala, nyuma ya watu wanane wenye pinde, na kila mmoja akitembea mbali nami kadiri njia ilivyoruhusu.

Kamba hawakuiona. Ilikuwa ndani ya daftari la vipimo.

Siku iliyofuata kulipopambazuka nilitoa baiskeli. Nilimwomba mama apande nyuma, twende wote, huko mjini kuna polisi na kuna watu. Akakataa. Akiondoka watasema amekimbia. Nikamwambia afunge mlango, asiufungue kwa mtu yeyote. Niliogopa kwenda na niliogopa kubaki, na nilipanda baiskeli kwa sababu miguu ikiwa inazunguka angalau ilikuwa na kazi. Kila nilipokutana na watu nilifikiri wanajua kilichomo kwenye daftari. Kila nilipokuwa peke yangu nilifikiri juu ya mlango ule, ambao mtu mzima akiusukuma kwa bega mara mbili unang'oka.

Hospitalini Bariadi, kule Somanda, nilimkuta kaka yake dereva ameketi mlangoni mwa wodi. Walifanana kwa urefu tu. Huyu hakuwa na tabasamu popote. Nilipojitaja alisimama akajaza mlango. Alikuwa ameshasikia yote, kamba, lori na mguu. Alisema mtu kama mimi haingii mle. Sikubishana. Nilikaa chini kwenye sakafu ya varanda, mwalimu mzima na suruali yangu ya kazini, nikasema nitakaa hapo hapo. Ikapita saa nzima, labda zaidi. Ndipo sauti ya mcheshi ikatoka ndani, imekonda, ikiuliza kwa Kisukuma kama mwalimu wake wa magari amekuja.

Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba, na jiwe likivuta upande wa pili. Kamba tena. Nilishindwa kuuangalia. Nilimweleza mambo ya mama, kuanzia foleni mpaka mtemi, nikitoa kamba yangu kwenye daftari. Alisikiliza. Kisha nikamwambia lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Tairi la mbele kushoto. Niliona nyuzi."

"Hata mimi niliziona," alisema. "Tajiri mwenye lori alisema limalize msimu."

"Zilikuwa nane."

"Ulizihesabu?"

"Nilizihesabu. Nikazitengeneza kwenye langu."

Aligeuza uso ukutani. Kaka yake alikuwa amesimama nyuma yangu na nilimsikia anavyopumua. Nilingoja kufukuzwa, na nadhani ingekuwa haki. Nilichowaza ni mama tu, na kwamba jua lilikuwa linashuka. Mwisho aligeuka, akanyoosha mkono, akasema nilete.

Fundo la bega lilifunguka upesi. La kiuno alilifungua kwa meno. La goti lilikuwa limekaza, na kila alipolivuta jasho lilimtoka kwa maumivu ya kujinyanyua, lakini kaka alipotaka kumsaidia alimpiga kofi mkononi. Lilipoachia alinyoosha kamba juu ya kifua chake, ikiwa na mikunjo pale mafundo yalipokuwa, akampa kaka yake. "Nenda naye. Wakubali wasikubali, waambie nakula ugali."

Tulilala kwenye varanda ya wagonjwa, kila mtu upande wake. Asubuhi yake kaka yake aliazima baiskeli na kunifuata nyuma njia yote. Mara mbili nilisikia ameongeza mwendo na kunikaribia sana, nikasema sasa ananipiga fimbo ya kisogo, lakini alikuwa anakwepa mchanga tu.

Tulikuta mkutano umeanza. Wanaume walikuwa wamekaa duara pembeni ya gala, na mama katikati, chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, rozari mkononi. Lori langu lilikuwa mbele yake. Nilipomwona hai nilishika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Mtu mmoja niliyesoma naye alininong'oneza bila kunitazama kwamba wanangoja habari ya mwisho ya mgonjwa tu, mama amekwisha kukubali. Amesema kamba alinituma yeye, na mguu alikata yeye, na mimi sikujua chochote.

Kaka yake dereva hakungoja kuitwa. Aliingia katikati ya duara na vumbi lake la safari, akainua kamba juu kwa mikono miwili. Alisema mgonjwa anakula. Alisema kaifungua mwenyewe, yeye ameona, na mwenye kubisha aende Bariadi akaulize. Kisha akasema tairi lilikuwa bovu na tajiri alijua.

Mtemi aliichukua kamba na kuipitisha katikati ya vidole vyake, taratibu, ncha hadi ncha, akitafuta fundo. Akarudia. Hakuna aliyeuliza neno juu ya tairi, wala siku ile wala baadaye. Walinong'onezana kidogo, kisha akasema mama arudi nyumbani na asalimiwe. Mimi niliamriwa nilivunje lori palepale. Nilikaa vumbini na kulibandua kwa kucha, bati moja moja, wao wakitazama. Nilipofika gurudumu la mbele kushoto nililitia mfukoni. Nilikuwa na furaha kubwa, maana mama alikuwa anatembea kuelekea nyumbani na mwanamke wa jirani amemshika mkono.

Jioni ile mama alipika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Majirani walikuja, wakasalimia kwa haya, wakaondoka. Nilimshukuru kwa alichosema mkutanoni. Nilimwambia hakuna mama wa kubeba mzigo ule kwa ajili ya mtu. Yeye alikuwa anakoroga. Aliweka mwiko pembeni, akaenda kuuangalia mlango, akarudi kukaa karibu yangu.

"Sasa tuko wawili tu," alisema. "Yule kijana wa watu, alikukosea nini?"

Sikuelewa mara moja. Nilimtazama usoni, na macho yale mekundu yalinitazama bila hasira, kwa huruma na woga, na ndipo nikaelewa kwa nini lori lilikuwa chini ya kitanda chake. Hakuwa amemficha mwanawe asiye na kosa. Siku zote zile, mimi nikihofia wasije wakamwona mchawi, yeye alikuwa ndani ya nyumba moja na mtu aliyemwamini kuwa ndiye. Na alimpikia.

Nikasema hakunikosea kitu. Nikaeleza tena usukani, paa, kuku. Nikatoa gurudumu mfukoni, nikamwonyesha nyuzi, nikidhani hicho kitamsaidia kuelewa. Alilishika karibu na moto, akazihesabu kwa kidole.

"Uliziona kwenye lake?"

"Niliziona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mama."

Akanirudishia. Akasema basi, tule.

Msimu uliofuata, pamba ilipouzwa, nilitaka kumshonea gauni jipya. Fundi alisema nimletee vipimo. Nilitoa futi shingoni na kumsogelea alipokuwa amesimama jikoni, naye akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta, mikono ameibana kifuani. Hakusema nisimpime. Alisema tu, kwa sauti ya kubembeleza, "Kadiria, mwanangu." Nikaikunja futi. Nilikadiria, na gauni likampwaya mabegani, akalivaa hivyo hivyo kanisani kila Jumapili.